Bakuli la Digrauti

Hapo si zamani sana, wala si karibu sana, kulikuwa na nchi iitwayo Hewala. Usiitafute kwenye ramani. Mimi sijafika, wewe hujafika, kwa hiyo hakuna kati yetu atakayeitwa kutoa ushahidi. Niliyosimuliwa ndiyo ninayoyasimulia, na ukiona jambo linafanana na la kwenu, basi la kulaumiwa ni la kwenu.

Hewala ilitawaliwa na Waingereza miaka sitini na kidogo. Gavana wao wa kwanza alikuwa mtu mpweke mwenye tumbo bovu, aliyekuwa akilia kila Krismasi kwa kukumbuka kwao. Ili ajiliwaze akaagiza kitabu kinene chenye ada za kale za jumba la mfalme wake: nani humpelekea mfalme pai ya samaki, nani hulipia shamba lake kwa ua moja la waridi, nani hulipia kwa donge la theluji katikati ya kiangazi, na nani amepewa ardhi kwa kazi ya kumshikilia mfalme kichwa anapotapika melini. Gavana akazigawa ada hizo kwa vijiji vya Hewala kama watu wagawanavyo nguo za marehemu. Kijiji kilichopata kilishukuru, kikaenda nyumbani kujaribu kama inaenea.

Siku ya uhuru wananchi waliteremsha bendera, wakaangusha sanamu, wakabadilisha majina ya barabara. Kitabu hawakukigusa. Ilielezwa bungeni kwamba ukoloni ulikuwa mbaya lakini heshima zake zilikuwa nzuri, na kwamba haifai Rais wa nchi huru ale kwa heshima ndogo kuliko mfalme aliyefukuzwa. Wabunge wakapiga meza. Kwenye ngao ya taifa ikaandikwa kaulimbiu: Hewala haigombi.

Ndiyo maana Hewala, nchi isiyo na bahari wala ziwa la kumfika mtu kiunoni, ina Mshika Kichwa Mkuu wa Dola. Ana ofisi, ana gari, ana manaibu wawili, mmoja wa sikio la kulia na mwingine wa sikio la kushoto. Wakati wa habari hizi alikuwa Bwana Kihampa, aliyerithi cheo kwa baba yake. Baba na mwana, hakuna aliyewahi kushika kichwa cha mtu. Kila mwaka Bwana Kihampa alisimama bungeni kutoa taarifa ya utekelezaji: "Mheshimiwa Spika, mwaka huu pia hakutapika mtu." Wabunge wakapiga meza.

Kijiji cha Kitopeni kilipata digrauti.

Digrauti ni chakula cha wafalme wa Waingereza wa kale, cha siku ya kutawazwa. Kitabu kilisema ni kuku, lozi, sukari na viungo. Kitopeni hawakuzijua lozi, wakatia korosho. Kuku huchemshwa mpaka asahau mifupa yake, hupondwa, hukorogwa na unga wa mtama, korosho, sukari, mdalasini na kungumanga. Si uji, si ugali. Ukisimamisha kijiko ndani yake, husimama kidogo kama mtu anayefikiri, kisha hulala. Hakuna mtu wa Kitopeni aliyewahi kuila kwa hiari yake. Hata mbwa akitupiwa huizunguka mara mbili, akamtazama aliyeitupa, akaenda zake.

Lakini digrauti hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya bonde. Karatasi ya Gavana, iliyotunzwa ndani ya kipande cha kaniki, ilisema hivi: *Siku mtawala atakapokula kiapo, watu wa Kitopeni wamletee bakuli moja la digrauti, naye aile mbele ya watu, na kwa hilo watu hao na vizazi vyao watalila bonde. Asipoila, bonde litarudi kwa Dola.*

Na bonde, ewe msomaji, lilikuwa bonde. Udongo mweusi, tifutifu, mpunga mara mbili kwa mwaka, maboga ya kubebwa na watu wawili. Nje ya bonde, Kitopeni ina mawe na upepo. Ukiondoa bonde, Kitopeni ni jina tu.

Mtunza sufuria alikuwa Bi Sikudhani binti Mwinyimvua, mwanamke wa miaka sitini na mitano, mfupi, mwenye mikono mipana na ulimi usiopenda kazi nyingi. Kabla yake alikuwa mama yake, na kabla ya mama alikuwa bibi yake. Gavana alikula vijiko vitatu, akalia, ikasemekana amekumbuka kwao. Rais wa kwanza alikula viwili, macho kayafumba. Rais wa pili alikula kimoja, akakaa kimya siku mbili, taifa likadhani anatunga mpango wa maendeleo. Lakini wote walikula, na bonde likabaki.

Sasa zamu ya Rais wa tatu ilipokaribia, Kitopeni hawakuwa na wasiwasi hata chembe. Mgombea alikuwa mtoto wao.

Mfaume Ngulumbi alizaliwa Kitopeni, mwezi mmoja na mtoto wa Bi Sikudhani. Mama yake alifariki kabla ya arobaini. Bi Sikudhani akampa titi la kushoto, mwanawe akabaki na la kulia. Kisha surua ikampitia yule mwanawe, na Mfaume akabaki na yote mawili. Bi Sikudhani hakuzaa tena. Watu walipomwuliza ana watoto wangapi alisema mmoja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Alikuwa mtoto wa kutapika, huyo Mfaume. Akila ndizi hutapika, akipandishwa baiskeli hutapika, akifurahi sana hutapika. Bi Sikudhani alijua namna ya kumshika: kiganja kimoja kwenye paji la uso, kingine kisogoni, na maneno mawili matatu ya upole. "Toa, baba, toa." Mtoto alitoa, akafutwa mdomo, akalala begani.

Mtoto huyo akasoma, akasafiri, akawa waziri wa hiki na wa kile, na mwaka wa uchaguzi akaja Kitopeni na magari arobaini. Jukwaa likajengwa ukingoni mwa bonde. Alihutubia saa mbili. Alisema yeye si mgeni, matope ya bonde hili bado yamo kwenye kucha zake, na akaonyesha kucha. Zilikuwa safi, lakini watu walikuwa mbali.

Bi Sikudhani akasimama pale mbele alipokalishwa kwenye kiti cha plastiki.

"Mfaume mwanangu, mimi sina mengi. Siku ya kiapo nitakuletea bakuli, kama mama yangu alivyoleta, na bibi yangu alivyoleta. Unajua lilivyo. Unajua tamu yake na unajua sababu yake. Je, utakula?"

Mfaume akashuka jukwaani. Akamshika mkono wake mmoja kwa mikono yake miwili, akamtazama machoni kwa muda mrefu, kisha akasema kwenye kipaza sauti:

"Mama, nitakula."

Vigelegele vilipasua anga. Wiki hiyo hiyo zikatoka fulana zenye neno hilo moja kifuani, NITAKULA, na nchi nzima ikazivaa, hata wasiojua Kitopeni iko wapi. Siku ya kura Mfaume alipata kura zote za kijiji, pamoja na za marehemu kumi na wawili, maana Kitopeni hata wafu wana adabu.

Bi Sikudhani akaenda mji mkuu siku moja kabla ya kiapo, na sufuria yake, kuku wake wawili wakiwa hai, na vingine vyote kwenye kapu. Alipelekwa Wizara ya Ada, Mapambo na Vyakula vya Enzi, akapikia uani, chini ya dirisha la Idara ya Mapambo, ambayo ilifunga madirisha.

Ofisa wa zamu, Bwana Shaweji, alikuja na fomu.

"Ni chakula au kinywaji?"

"Ni digrauti, bwana."

"Fomu haina digrauti, bibi. Ikiwa kinywaji, uende Idara ya Vimiminika, ghorofa ya tano. Ikiwa chakula, ubaki kwangu."

"Iko katikati."

"Katikati hakuna ofisi."

Wakaitwa wataalamu watatu. Wakasimamisha kijiko ndani ya sufuria, mmoja akashika saa, mwingine akamwangalia aliyeshika saa, wa tatu akaandika. Kijiko kilisimama sekunde nne. Baada ya majadiliano, digrauti ikapigwa mhuri: *Chakula chenye mwelekeo wa kinywaji.* Bwana Shaweji akampongeza Bi Sikudhani kwa ushirikiano wake na Serikali.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mrefu mwenye chupa ya chai. Huyo ni Mzee Tenga wa Mlima Kipara, aliyedaiwa na Kitabu donge moja la theluji. Mlima Kipara hauna theluji, haujawahi kuwa nayo. Mzee Tenga hukwangua barafu kwenye friza la baa, huifinyanga, huitia kwenye chupa, na ikifika mji mkuu huwa imekuwa maji. Bwana Shaweji akafungua chupa, akachungulia, akaandika: *Theluji moja. Imepokelewa, ikiwa imetulia.*

Bi Sikudhani akashangaa. "Kaka, wamekubali maji?"

"Dada yangu, shamba langu mimi ni mwamba mtupu. Mbuzi wenyewe wanapita wakiomba radhi. Ningeleta chupa tupu wangeandika theluji ya hewa." Akafunga kifuniko taratibu. "Lako wewe likoje?"

"Bonde. Udongo mweusi, ukiushika unanata."

Mzee Tenga aliacha mzaha. "Basi hakikisha anakula. Usisikie kwa masikio. Hakikisha kwa macho yako."

Bi Sikudhani alimwonea huruma. Mzee wa watu hakujua kwamba huyo atakayekula kiapo kesho alilala miaka miwili kwenye mgongo huu.

Siku ya kiapo uwanja ulijaa. Vilipita vya kupita: pai ya samaki, waridi moja jekundu kwenye mto wa hariri, chupa ya Mzee Tenga ikibebwa na askari wanne. Bwana Kihampa alikaa nyuma ya kiti cha Rais, glavu nyeupe mikononi, manaibu wake kila mmoja upande wa sikio lake.

Mfaume akala kiapo. Akakila chote, neno kwa neno, bila kukwama, na watu wakasema kweli huyu anajua kula.

Kisha likaitwa jina la Kitopeni. Bi Sikudhani akapanda ngazi kumi na mbili na bakuli mikononi na kijiko cha mti juu yake. Alikuwa amevaa khanga mpya. Moyo wake ulikuwa umejaa hata alisahau kwamba magoti yanauma. Alimwona Mfaume katika suti ile, na akamwona vile vile na kikaptula cha kitoto, matope hadi kwenye nyusi.

Rais akasimama. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Akaliinua juu, kulia, kushoto, wapiga picha wakapiga. Akainama, akanusa. Kisha akamkabidhi ofisa aliyekuwa nyuma yake, na ofisa akamkabidhi ofisa, na bakuli likaenda likipungua machoni mpaka likapotea nyuma ya pazia.

"Ameipokeaaa!" akapiga mbiu Bwana Shaweji. Bendi ikaanza.

Bi Sikudhani alibaki amesimama. Kijiko kilikuwa kimebaki mkononi mwake, hajui kilibakije.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kijiko kimoja tu. Hata ncha."

Mfaume alitabasamu. Tabasamu lilikuwa zuri, lakini lilipita juu ya kichwa chake likaenda kwenye kamera. Askari akamgusa kiwiko. "Twende, bibi, wengine wanasubiri."

Alishuka zile ngazi kumi na mbili akihesabu kila moja. Chini alimkuta Mzee Tenga. Alisogea tu kwenye benchi ili apate nafasi ya kukaa.

Barua ilifika Kitopeni baada ya wiki tatu. *Kwa kuwa digrauti ilipokelewa lakini haikuliwa. Na kwa kuwa Kitabu kinasema aile. Hivyo basi, kwa masikitiko makubwa na shukrani nyingi, bonde limerudi kwa Dola.* Chini, kwa maandishi madogo, Dola ilieleza kwamba imelikabidhi bonde kwa mwangalizi mwaminifu, naye ni Mheshimiwa Rais, kwa sababu ya uzoefu wake na matope ya eneo hilo.

Watu wa Kitopeni waliisoma barua mara mbili. Halafu wakamtazama Bi Sikudhani. Hawakumlaumu kwa maneno. Walimtazama tu, na yeye akajua kwamba kesi hii ni yake, kwa sababu maziwa yalikuwa yake.

Akaenda kulalamika mbele ya Kamati ya Tafsiri. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na mwenyekiti wao alikuwa Profesa Mkumbukwa, Mfasiri Mkuu wa Maneno ya Dola, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutosomea.

"Bibi, unadai Mheshimiwa amevunja ahadi."

"Nadai, bwana. Aliahidi atakula, hakula. Nchi nzima ilimsikia."

"Kamati haina ubishi na masikio ya nchi." Profesa akaagiza ile sauti ya mkutano ipigwe. Ikapigwa mara tatu. *Mama, nitakula. Mama, nitakula. Mama, nitakula.*

"Umesikia mahali limetajwa neno digrauti?"

"Halikutajwa, lakini tulikuwa tunaongea digrauti!"

"Tulikuwa tunaongea si neno la kisheria." Profesa akabadilisha miwani. "Nina swali moja tu, bibi, nalo ni zito, ulifikirie kabla ya kujibu. Mheshimiwa aliposema hivyo, alikuwa anauambia umati, au alikuwa anakuambia wewe?"

Bi Sikudhani hakuhitaji kufikiri. Wiki nzima alikuwa hana kingine cha kufikiri. Lilimchoma swali hilo, kwa kuwa hilo ndilo lililomuuma kuliko bonde, kwamba ahadi ile haikuwa ya siasa, haikuwa ya jukwaani, ilikuwa yake.

"Mimi!" akasema. "Mimi peke yangu. Hao watu walisikia tu. Alinishika mkono hivi, akanitazama machoni hivi, akaniambia mimi. Huyo nimemnyonyesha, bwana. Angeuambia umati kitu gani?"

"Iandikwe," alisema Profesa polepole. "Alimwambia yeye peke yake."

Ikaandikwa. Profesa akasimama, akaenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa: NI-TA-KU-LA.

"Ni, ndiye Mheshimiwa. Ta, ni wakati ujao. La, ndicho kitendo chenyewe. Imebaki ku. Wapo wanaosema ku hii ni pambo tu, ya kukisaidia kitenzi kifupi kisianguke. Kamati inawaheshimu. Lakini wahenga wetu, ambao hawakusoma ng'ambo, walisemaje? Kikulacho..."

"Ki nguoni mwako!" wakaitikia wajumbe sita.

"Naam. Ki-ku-la-cho. Sasa niambieni, ku hiyo ya wahenga ni nani?"

Profesa akaweka chaki chini na kupangusa vidole.

"Ni wewe, bibi. Ku ni wewe. Mheshimiwa angekusudia digrauti, lugha yetu tajiri ilikuwa na neno: nitaila. Angekusudia umati angesema nitawala, na hilo lingetuletea kesi nyingine. Lakini kwa ushahidi wako mwenyewe alikuwa anakuambia wewe, peke yako, ana kwa ana. Mheshimiwa aliahidi hadharani kwamba atamla Bi Sikudhani binti Mwinyimvua. Kamati imepitia hati za bonde, na imeridhika kwamba ahadi hiyo imetekelezwa kikamilifu, tena ndani ya mwezi wa kwanza wa uongozi wake."

Wajumbe wakapiga meza.

Bi Sikudhani alitazama ubao. Hakujua kusoma vizuri, lakini yale maandishi aliyasoma. Aliyakumbuka macho ya Mfaume siku ile, yalivyomtulia usoni muda mrefu. Alikuwa ameyachukua kuwa ni macho ya mtoto anayemwangalia mama. Sasa aliyaona upya, na akayatambua, maana mwenyewe huwaangalia hivyo kuku wake, akiwachagua.

"Jina langu Sikudhani," alisema mwishowe. "Na kweli sikudhani."

Kamati ilimpa pole, na kwa niaba ya Rais ikamtunuku Kijiko cha Heshima, Daraja la Pili, kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ikamkumbusha pia kwamba ingawa bonde limekwenda, ada haifi, na Kitopeni wataendelea kupika digrauti kila itakapohitajika.

Miaka mitano ikapita. Bonde likawekwa senyenge na kibao: Shamba la Mlezi wa Taifa. Watu wa Kitopeni wakahamia kwenye mawe. Wengine waliajiriwa kulinda mpunga usiibwe na watu wa Kitopeni, wakalinda kwa uaminifu.

Jambo moja lilibadilika katika usemi wao, na mpaka leo utalisikia ukifika. Mtu wa Kitopeni ukimkaribisha chakula hasemi "nitakula." Husema "nitakila," ikiwa ni chakula, "nitaula," ikiwa ni wali, ukimpa boga husema "nitalila," tena analinyooshea kidole. Mgeni asiyejua akisema "nitakula," mwenye nyumba hufunika sufuria na kuvuta watoto karibu.

Uchaguzi ukarudi, na magari yakarudi, sasa themanini. Washauri wa Rais walikuwa wamegundua kwamba watu bado wanalinong'ona lile bakuli. Ikaamuliwa Mheshimiwa aile digrauti Kitopeni kwenyewe, mbele ya kamera, bakuli zima, kwa kuwa sasa haikuwa na thamani yoyote kisheria na kwa hiyo haikuwa na ubaya. Bi Sikudhani akapewa amri ya kupika, akapika. Nakuhakikishia hakutia kitu. Digrauti haijawahi kuhitaji msaada.

Meza ikawekwa kando ya senyenge. Mfaume alikuwa amenenepa. Akamkumbatia Bi Sikudhani, akageukia kamera.

"Mama yangu huyu! Mama, leo nitakula!"

Kitopeni yote ikarudi nyuma hatua moja. Kina mama wakavuta watoto.

"Utakula nini, baba?" akauliza Bi Sikudhani.

"Si digrauti hii, mama!"

"Basi sema nitaila."

Rais akamtazama Profesa Mkumbukwa, aliyekuwa safu ya pili. Profesa akainama kidogo. "Kisarufi ni sahihi zaidi, Mheshimiwa."

"Nitaila," akasema Rais, na kucheka, na watu wake wakacheka.

Bi Sikudhani akampakulia kwa Kijiko cha Heshima. Akala. Kijiko cha kwanza, makofi. Cha tatu, akafikia kiwango cha Gavana, makofi zaidi. Akaendelea hadi kumi na mbili, akakwangua bakuli, akaligeuza juu chini ili kamera zione. "Nani alisema siwezi kutimiza ahadi?" akaanza, na alikuwa na mengi ya kusema, lakini rangi yake ilibadilika.

"Mshika Kichwa!" wakapiga kelele walinzi. "Mshika Kichwa Mkuu!"

Bwana Kihampa aliruka kwenye kiti. Miaka yake yote na ya baba yake ilikuwa imeelekea dakika hii. Akavaa glavu, akafika mbele, akasita. Akafungua Kitabu. "Imeandikwa melini," akasema, jasho likimtoka. "Hapa ni nchi kavu. Mamlaka yangu yanaishia majini. Nikishika bila idhini ya maandishi..." Naibu wa sikio la kulia akaenda kutafuta karatasi. Naibu wa sikio la kushoto akasema asilaumiwe yeye, upande wake uko tayari.

Rais alikuwa ameshainama, mkono mmoja kwenye senyenge. Aligeuza shingo akamtafuta mtu mmoja tu.

"Mama," alisema. Na hilo, kati ya yote aliyowahi kusema, nadhani alilikusudia.

Mikono ya Bi Sikudhani iliinuka yenyewe. Kiganja kimoja kilikuwa kinaelekea kwenye paji la uso, kingine kisogoni, kama vile miaka haikupita. Akaiona. Akairudisha, akaifunga ndani ya khanga, akaibana kwapani kwa nguvu. Ilimuuma kama siku aliyomzika mwanawe wa titi la kulia, na sasa alijua kwamba wa kushoto naye hakuwa naye tena.

"Ina mwenyewe hiyo kazi," alisema. "Ana ofisi na gari."

Kisha akasogea hatua moja, akainama karibu na sikio lake, akayasema yale maneno ya zamani, kwa sauti ile ile ya zamani.

"Toa, baba," alisema. "Toa."

Naye akatoa. Watu wa Kitopeni, wakubwa kwa wadogo, wakasogea bila kuitwa, wakazunguka, wakanyoosha shingo kuchungulia. Kuku alitoka. Mtama ulitoka. Korosho zilitoka, nyingine nzima. Walisubiri mpaka akamaliza, na wakasubiri tena kidogo, kwa matumaini.

Bonde halikutoka.